Alama ya EDSS imekaa 6.0 kwa miaka mitatu, lakini mkono unazidi kudhoofika: ulemavu unapimwaje hasa?

Subira ameandika:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Mume wangu ana umri wa miaka 46, na huu ni mwaka wa kumi na nne anaishi na maltipo sklerosisi, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo ambao hapa sote tumezoea kuuita MS. Miaka ya mwanzo alikuwa akipata mashambulio ya ghafla: jicho linaingia ukungu au mguu unakufa ganzi, kisha hali inatengemaa baada ya majuma kadhaa. Kwa miaka minne iliyopita hajapata shambulio hata moja. Anatembea kwa fimbo moja, anayoishika kwa mkono wa kushoto.

Kila baada ya miezi sita tunakwenda kliniki, na kila mara ripoti huandikwa vilevile: EDSS (kipimo cha ulemavu wa MS) 6.0, ulemavu haujaendelea. Ninazo ripoti sita mfululizo zenye maneno hayo, na kwa kweli nilianza kuyachukia kabla sijajua maana yake.

Nyumbani ninaona jambo jingine. Miaka mitatu iliyopita alikuwa akifunga vifungo vya shati huku akizungumza nami. Mwaka jana akawa ananyamaza wakati wa kufunga, kwa sababu ilimbidi avitazame vidole. Siku hizi hufika kifungo cha tatu, mkono wa kulia ukamgomea, akanigeukia bila kusema neno, nami nikamalizia. Hata kusoma kumepungua. Anarudia aya moja mara mbili au tatu kabla ya kuendelea.

Nilipomweleza daktari wa mishipa ya fahamu, alimpima kama kawaida na kusema kwamba alama ni ileile. Sidhani kwamba alitudharau, kwa maana ni mtu makini. Lakini nimebaki na swali: inawezekanaje ulemavu usiendelee kwenye karatasi na uendelee kwenye shati? Na je, kuna kipimo kingine ambacho tuna haki ya kukiomba?

---

Mpima Hatua amejibu:

Dada Subira, pole kwa uangalizi huo wa miaka mingi, na umfikishie mumeo salamu zangu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwapima watu wenye MS. Naona daktari wenu na wewe nyote mna haki, kwa kuwa mnatazama vitu viwili tofauti.

EDSS ilitungwa na daktari Mmarekani, John Kurtzke. Alianza na kipimo cha ngazi kumi mwaka 1955, kisha akakipanua mwaka 1983 kwa kuigawa kila ngazi mara mbili, na hicho ndicho kinachotumika mpaka leo. Kinaanzia 0, maana yake uchunguzi haukuonyesha kasoro yoyote, na kinaishia 10, yaani kifo kilichosababishwa na MS. Daktari huchunguza mifumo kadhaa ya mwili: nguvu za misuli, uratibu wa mwendo, shina la ubongo, hisia za ngozi, kibofu na haja kubwa, macho, na uwezo wa akili. Ukisikia orodha hiyo utadhani kwamba kila kiungo kina sauti yake katika alama ya mwisho. Kwenye ngazi za chini ndivyo ilivyo. Lakini kuanzia 4.0 kwenda juu, kinachoamua alama ni miguu.

Mwenye 4.0 hutembea takriban mita 500 bila msaada wala kupumzika, 5.0 ni kama mita 200, 5.5 ni kama mita 100. Ngazi ya 6.0, aliyopo mumeo, ni ya mtu anayehitaji msaada wa upande mmoja, kwa mfano fimbo, ili amalize mita 100 hivi. Ili afike 6.5 inabidi ahitaji msaada wa pande zote mbili ili kutembea mita 20. Ngazi ya 7.0 ni ya mtu ambaye hata akisaidiwa hawezi kupita mita 5, na anatumia kiti cha magurudumu. Mikono huanza kutajwa kwa jina kwenye 8.0, wakati mgonjwa anashinda kitandani au kitini. Sasa jiulize mkono wa mumeo ungeonekana wapi kati ya 6.0 na 7.0. Haungeonekana. Anaweza kupoteza uwezo wa kufunga vifungo, kuandika, hata kushika kijiko, na madamu bado anatembea na fimbo yake ileile, ripoti itasoma 6.0 bila mtu yeyote kukosea.

Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakitumia vipimo vya saa, yaani vile vinavyohesabu sekunde badala ya kutegemea jicho la mpimaji. Kwa mumeo, kile ambacho ningekiomba kwanza ni kipimo cha vigingi tisa. Mgonjwa anakaa mezani, mbele yake kuna ubao wenye matundu tisa na kisahani cha vigingi vidogo. Anachukua kigingi kimoja kimoja kwa mkono mmoja, anajaza matundu yote, kisha anavirudisha kimoja kimoja kisahanini, huku saa ikihesabu. Kila mkono hupimwa mara mbili na wastani huchukuliwa. Mtu mzima mwenye afya hutumia takriban sekunde 20. Mkono ukichelewa kwa asilimia 20 au zaidi kuliko kipimo cha msingi, kwa mfano kutoka sekunde 25 hadi 30, wengi katika taaluma hii hukubali kwamba hayo ni mabadiliko ya kweli, si bahati ya siku hiyo.

Vigingi vinaonyesha zaidi ya sekunde. Ninapomtazama mtu akivipanga, naona kama kinachomchelewesha ni udhaifu, ganzi au mtetemo. Mwenye ganzi hutafuta kigingi kwa macho na hukidondosha bila kujua. Mwenye mtetemo hukishika vizuri kabisa, kisha akazunguka tundu mara tatu kabla ya kukitumbukiza. Mabadiliko ya namna hiyo huandikwa pembeni mwa karatasi, na mara nyingine yananifaa kuliko namba yenyewe.

Kuhusu kusoma, kuna kipimo cha alama na tarakimu: mgonjwa anapewa ufunguo wenye alama tisa, kila moja na tarakimu yake, halafu ana sekunde 90 za kutaja tarakimu za alama nyingi kadiri awezavyo. Kinapima kasi ya kuchakata mambo kichwani, ambayo katika MS mara nyingi huguswa mapema kuliko kumbukumbu yenyewe. Kushuka kwa majibu manne au zaidi huhesabiwa kuwa jambo la kufuatilia. Mwendo nao hupimwa kwa saa katika umbali wa mita 7.62, ambao ni futi 25. Hivi vyote havimalizi hata nusu saa.

---

Fimbo Moja amejibu:

Shemeji Subira, niruhusu nikuite hivyo, kwa maana mimi na mumeo tumepanda chombo kimoja. Nina 6.0 kwa mwaka wa saba sasa. Kuna mambo ambayo wapimaji hawayaoni, labda kwa kuwa wao wako upande wa pili wa meza.

La kwanza ni kwamba umbali ulioandikwa kwenye faili si lazima uwe umepimwa. Miaka kadhaa nilikuwa naulizwa tu, "Unatembea umbali gani?" Nami nikajibu, "Kama mita mia." Hakuna aliyenyanyuka kutoka kitini. Nilipohamia kliniki nyingine, dada mmoja alinipeleka kwenye korido yenye alama za mkanda sakafuni, akanifuata nyuma na saa mkononi. Nilisimama kwenye alama ya mita 60, nikaegemea ukuta. Sikuwa nimedanganya hapo awali. Mita mia ilikuwa kumbukumbu ya zamani niliyoendelea kuibeba. Basi chunguza kama hiyo 6.0 ya mumeo ni ya kupimwa au ya kuulizwa.

La pili ni joto. Ukimpima mwenye MS akiwa amepata joto, iwe ni kwa jua, homa au kupanda ngazi, utampima mtu mwingine kabisa. Jambo hili lilielezwa na Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, mwaka 1890, alipoona wagonjwa wakipoteza uwezo wa kuona baada ya mazoezi na kuurudisha baada ya kupumzika. Neva ambayo utando wake wa mielini umeliwa hupitisha ujumbe kwa shida, na joto likipanda kidogo tu ujumbe hukatika njiani. Mwili ukipoa, hali inarudi. Maambukizi ya njia ya mkojo hufanya mchezo huohuo, na wengi wetu tuna kibofu kisichomaliza mkojo, kwa hiyo maambukizi hayatuishi. Mara moja nilipimwa nikiwa na homa ndogo ambayo sikuijua, mwendo ukaonekana umeharibika vibaya, nikalala siku tatu nikiamini kwamba zama za fimbo zimekwisha. Mkojo ukapimwa, nikatibiwa, na baada ya majuma mawili nikarudi palepale.

La tatu ninalisema kwa aibu kidogo. Sisi wagonjwa hujikaza mbele ya daktari. Siku ya kliniki mtu hulala mapema, hapangi kazi nyingine yoyote, anafika na nguvu zote za juma zima alizoziweka akiba, anatembea kama askari kwa dakika tano. Kesho yake hawezi kuinuka, na faili haina ukurasa wa kesho yake. Uchovu wetu, ambao mimi nauona ni ulemavu wa kwanza kabisa, hauna nafasi ya maana katika EDSS. Kuna hojaji moja inaitwa MSIS-29, ina maswali 29, ishirini juu ya mwili na tisa juu ya nafsi, nayo humuuliza mgonjwa juu ya majuma mawili yaliyopita badala ya dakika tano zilizopita. Iombeni pia.

---

Takwimu Tupu amejibu:

Dada Subira, mimi nachambua takwimu za majaribio ya dawa, wagonjwa nakutana nao kwenye jedwali tu, kwa hiyo nisamehe kama lugha yangu ni kavu. Nakubaliana na Mpima Hatua katika mengi, ila ninaongeza tahadhari: asilimia 20 katika siku moja haitoshi.

Katika majaribio, maneno "ulemavu umeendelea" yana masharti. Alama ya EDSS lazima ipande kwa kiwango kilichowekwa kabla ya jaribio kuanza, na ipimwe tena baada ya majuma 12 au 24 ikiwa bado iko juu. Kwa kawaida kiwango hicho ni alama 1.5 kwa aliyeanza na 0, alama 1 kwa walioanza katikati hadi 5.0 au 5.5, na nusu alama kwa walio juu ya hapo. Sharti la kusubiri liliwekwa kwa sababu ya mambo hayohayo aliyoyataja ndugu Fimbo Moja: mashambulio yanayopona, homa, joto, na wapimaji wawili wanaompa mtu mmoja alama mbili. Tofauti hizo za wapimaji ni kubwa zaidi kwenye ngazi za chini, ambako alama hutegemea kusikia mtikisiko mdogo wa kidole au kuona jicho likicheza. Hata majuma 12 si dhamana. Baadhi ya waliothibitishwa hurudi chini baadaye, ndiyo maana mimi binafsi naziamini zaidi zile 24.

Jambo jingine ni kwamba ngazi za EDSS hazina urefu sawa. Anayetoka 1.0 kwenda 2.0 huenda asione tofauti yoyote katika siku yake. Anayetoka 6.0 kwenda 7.0 ametoka kwenye fimbo na kuingia kwenye kiti cha magurudumu. Zote mbili ni "alama moja". Kwa hiyo mtu akikuletea wastani wa EDSS wa kundi la watu, mshukuru kisha uweke pembeni. Tunajua pia kwamba watu hupita haraka katika ngazi za 4 na 5, halafu hukaa kwa muda mrefu kwenye 6. Kukaa miaka mitatu kwenye 6.0, basi, kunaweza kueleza upana wa ngazi yenyewe kuliko utulivu wa ugonjwa.

Kuna jaribio moja ambalo linafanana sana na kisa cha shati. Liliitwa ASCEND, na lilipima dawa ya natalizumabu kwa watu 889 wenye MS ya awamu ya pili inayosonga mbele, kwa karibu miaka miwili. Kipimo kikuu kilichanganya EDSS, mwendo wa futi 25 na vigingi tisa. Kwa ujumla dawa haikuonyesha tofauti ya kuaminika na dawa bandia. Lakini ulipotazama vigingi peke yake, waliopewa dawa walikuwa wamepoteza mikono kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa sheria ya takwimu, matokeo ya kipande kimoja hayageuzi jaribio lililoshindwa kuwa lililofaulu, nami nasimama na sheria hiyo. Hata hivyo tulijifunza kwamba kwa watu ambao miguu yao imeshaumia sana, mkono ndiyo sehemu ambayo bado ina kitu cha kupoteza, na kwa hiyo bado ina kitu cha kuonyesha.

Ukitaka kuona jinsi tofauti zinavyokuwa ndogo hata dawa inapofaulu, tazama ORATORIO, jaribio la okrelizumabu kwa MS inayosonga mbele tangu mwanzo, lililochapishwa mwaka 2017. Kati ya watu 732, ulemavu uliothibitishwa kwa majuma 12 uliendelea kwa asilimia 32.9 ya waliopewa dawa na asilimia 39.3 ya waliopewa dawa bandia. Dawa ikakubaliwa kwa tofauti hiyo. Kwa kipimo kizito kiasi hiki, hali ya mtu mmoja huonekana kwa shida sana.

Mwisho, kuhusu miaka minne bila shambulio. Zamani tulidhani kwamba mashambulio yakikoma katika MS ya mashambulio, ulemavu nao umetulia. Uchambuzi wa majaribio mawili ya okrelizumabu yaitwayo OPERA, uliotoka mwaka 2020, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya ulemavu uliothibitishwa ulijijenga bila shambulio lolote kuutangulia. Siku hizi hali hiyo ina jina lake, PIRA, yaani ulemavu unaosonga mbele bila kutegemea mashambulio. Kwa hiyo kumwambia daktari, "Hakuna shambulio, lakini mkono unakwenda," si kumletea hadithi.

---

Subira amejibu:

Ndugu zangu, nimesoma majibu yenu mara tatu, mara moja nikiwa peke yangu na mara mbili nikimsomea mwenye mkono.

Tumerudi kliniki juma lililopita, asubuhi, kabla joto halijapanda, baada ya mkojo kupimwa na kuonekana safi. Nilimwomba daktari kipimo cha vigingi. Hakukataa, alisema tu kwamba kwa kawaida hawana muda, kisha akamwita mtaalamu wa viungo. Mkono wa kushoto ulitumia sekunde 27.9 na wa kulia sekunde 46.5. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, naye alikuwa akifanya vilevile alivyoeleza ndugu Mpima Hatua: anakishika kigingi vizuri, kisha anazunguka tundu. Viwili vilidondoka sakafuni na mtaalamu akasema visihesabiwe kama kosa, ila aliandika.

Tatizo ni kwamba hakuna kipimo cha zamani cha kulinganisha, kwa hiyo daktari amesema hawezi kuandika kwamba mkono umeshuka; anaweza kuandika tu kwamba uko hapo ulipo. Safari hii ripoti imesomeka: "Mwendo haujabadilika. Mkono wa kulia unafuatiliwa kuanzia leo." Kipimo kitarudiwa baada ya miezi mitatu na tena baada ya sita, na mazungumzo juu ya kubadilisha dawa yatasubiri hapo. Mita 100 nazo zilipimwa kweli, kwenye korido. Alizimaliza, lakini alisimama mara moja, jambo ambalo halijawahi kuandikwa.

Swali dogo: mume wangu amechonga ubao wake mwenyewe wenye matundu tisa, na tangu Jumamosi anafanya mazoezi kila jioni ili miezi mitatu ikifika awashangaze. Je, kuna ubaya?

---

Mpima Hatua amejibu:

Dada Subira, nimecheka mwenyewe kwa ubao huo, kwa kuwa si wa kwanza kuusikia. Mwambie auweke kabatini. Kipimo hiki kina athari ya mazoea: mkono hujifunza ubao, na baada ya miezi mitatu tutakuwa tunapima bidii yake badala ya ugonjwa wake. Tukipata sekunde 40 tutashangilia, kumbe mkono umeshuka na ustadi wa kupanga vigingi umepanda. Siku ya kipimo atapewa zamu moja ya kujaribu kabla saa haijaanza, na hiyo inatosha.

Mkono wenyewe ufanye kazi kadiri unavyoweza, na mtaalamu wenu wa viungo atampangia mazoezi. Zaidi ya hapo, aendelee na vifungo vya shati. Wewe andika tu kwenye daftari, mara moja kwa mwezi, saa ileile ya asubuhi, alifika kifungo cha ngapi kabla ya kukugeukia.